Simon Kimbangu: miaka 30 katika gereza la Katanga

Jina la Simon Kimbangu tunalijua wote. Tunajua fanfari ya waumini wake na ile rangi ya kijani na nyeupe ya nguo zao wakipita katika barabara. Tangu mwaka 2023, tarehe 6 mwezi wa 4 ni siku ya kupumzika katika inchi yote kwa ukumbusho wake. Lakini ukiuliza vijana wa Kolwezi huyu mutu aliishi wapi, wengi watataja Nkamba, kule Kongo-Central. Wanasahau kitu kimoja. Nkamba alihubiri miezi michache tu. Katanga alikaa miaka 30, na Katanga ndiko alikufia. Sehemu kubwa ya maisha yake ya utu uzima ilipita hapa kwetu, ndani ya gereza la Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, kilomita kama 300 toka Kolwezi.

Hakuua mutu. Hakuiba. Alifungwa juu aliomba Mungu kwa namna ambayo wakubwa wa ile wakati hawakuipenda. Ndiyo maana maisha yake inatuhusu sisi wafanyakazi, hata kama sisi si waumini wa kanisa lake.

Mutoto wa Nkamba

Simon Kimbangu alizaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Nkamba, karibu na misioni ya Waprotestanti ya Ngombe-Lutete. Kongo ilikuwa bado mali ya mufalme Leopold II. Ubelgiji iliichukua mwaka 1908, Kimbangu akiwa kijana wa miaka 21. Wazazi wake walikufa mapema, na mama mumoja wa jamaa yao, Kinzembo, ndiye alimulea.

Wamisionere Wabatisti wa Uingereza walimufundisha kusoma na kuandika. Alioa Marie Mwilu, na mwaka 1915 wote wawili walibatizwa pamoja. Mungu aliwapa watoto wanaume watatu: Charles Kisolokele, Salomon Dialungana na Joseph Diangienda. Kimbangu akawa mwalimu wa dini katika vijiji vya kwao. Alijua Biblia, alijua kuongea na watu, na hakuna aliyemuona kama mutu wa fujo.

Mwaka 1918 ugonjwa mubaya wa mafua ulizunguka dunia yote na kuua watu wengi sana, hata Kongo. Waumini wake wanasimulia kwamba ndani ya ile taabu ndipo alianza kusikia sauti ikimuita achunge watu wa Mungu. Alikataa. Aliogopa ile muzigo, akakimbilia Kinshasa kutafuta kazi ya mushahara kama vijana wengine. Aliingia katika kompani ya mafuta ya mawese. Wanasimulia kwamba alitumika miezi na mushahara haukutoka. Hapo musomaji wa Kolwezi anaelewa bila kufundishwa. Mwisho alirudi kwao mikono mitupu, akalima shamba lake.

Miezi mitano iliyotikisa Leta

Tarehe 6 mwezi wa 4 mwaka 1921, katika kijiji cha Ngombe-Kinsuka, Kimbangu aliwekea mama mumoja mugonjwa mikono, akaomba, na yule mama, jina lake Nkiantondo, akasimama muzima. Ndivyo waumini wanavyoshuhudia, na ile siku ndiyo wanahesabu kuwa mwanzo wa kanisa lao. Habari ilienea mbio kuliko barua. Kisha majuma machache tu, Nkamba ilijaa watu: vipofu, viwete, mama wenye kubeba watoto wagonjwa mugongoni, na wengine ambao walikuja kusikiliza tu.

Alifundisha nini? Aliwaambia watu watupe dawa za kienyeji na sanamu za uchawi, waache kuoa wake wengi, waache ngoma za usiku zenye haya, wasome Biblia na waombe. Wamisionere walikuwa wamejaribu mambo hiyo miaka mingi bila kufaulu sana. Yeye alifaulu kwa miezi michache, kwa luga ya watu, akiwa mutu mweusi kama wao. Hakugawa silaha, na hakuitisha vita wala mugomo.

Lakini tuangalie ile wakati ilikuwa namna gani. Bas-Congo ndiko reli ya Matadi kwenda Léopoldville ilipita. Kulikuwa mashamba ya wazungu, kulikuwa kodi ya kila mwaka, na kazi za kulazimishwa. Watu walipoanza kwenda Nkamba, waliacha jembe, waliacha reli, waliacha jikoni za wazungu. Treni zilijaa wasafiri wenye kwenda kwa nabii. Mapatroni walilia kwamba mikono ya kazi imepotea. Misioni za Wakatoliki zililia kwamba wanafunzi wa katekisimu wamekimbia. Hata hospitali zilipoteza wagonjwa.

Tarehe 11 mwezi wa 5, mutawala wa Cataractes-Sud, Léon Morel, alikwenda mwenyewe Nkamba kuangalia. Alikuta watu wakiimba na kuomba. Hakuona silaha. Hata hivyo aliandikia wakubwa wake kwamba hii mambo itageuka kuwa dini ya watu weusi yenye kupinga wazungu, na kwamba ni lazima kuizima mbele haijapata nguvu. Hiyo ripoti ndiyo ilifunga mulango. Tarehe 6 mwezi wa 6 alirudi pamoja na askari kumukamata. Kukawa fujo, mali za watu zikachukuliwa, na Kimbangu akaponyoka katikati ya kundi.

Alijificha zaidi ya miezi mitatu, akiendelea kuomba na watu kijiji kwa kijiji, na hakuna aliyemuuza. Halafu tarehe 12 mwezi wa 9 alirudi Nkamba kwa mapenzi yake mwenyewe, mbele ya watu wote, akajitoa mikononi mwa askari. Aliwakataza watu wake kupigana.

Kesi bila avoka

Walimupeleka Thysville, ambayo leo ni Mbanza-Ngungu. Kule Leta ilikuwa imeweka utawala wa kijeshi, kwa hiyo Kimbangu hakupelekwa mbele ya tribinali ya kawaida. Alihukumiwa na baraza la vita, mbele ya juji mumoja anayeitwa de Rossi. Hakupewa avoka. Hakuna mutu aliyesimama kumutetea. Walimushitaki kwamba amevunja usalama wa Serikali na kuchochea watu weusi juu ya wazungu. Kwa siku chache tu kesi ilikuwa imekwisha.

Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 1921 walisoma hukumu: fimbo 120, kisha kifo. Waumini wenzake, wanaume na wanawake, walihukumiwa pamoja naye, wengine gereza la maisha.

Tusiseme uongo juu ya wazungu wote. Wamisionere wa Kiprotestanti waliandika kuomba Kimbangu asiuawe, na mwezi wa 11 mufalme Albert I alibadilisha kifo kuwa gereza la maisha. Lakini hakuna aliyefuta kosa lenyewe. Kuomba kulibaki kosa, na nabii alitumwa mbali sana na watu wake, upande mwingine wa koloni, mahali ambapo hakuna anayeongea Kikongo. Hapo ndipo historia yake iliingia Katanga.

Mufungwa wa Élisabethville

Élisabethville ilikuwa muji wa shaba. Union Minière ilileta watu toka Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini na kila pembe, ikawaweka katika kambi. Katikati ya ile muji wa kazi, Kimbangu alikuwa ndani ya kuta. Waumini wanasimulia chumba kidogo chenye giza, upweke wa miaka, na ruhusa ambazo hazikutoka. Muke yake Marie Mwilu alibaki kule Bas-Congo, chini ya macho ya polisi. Ndiye alishika lile kanisa la siri, akiombesha watu usiku, akificha majina. Hakuishi tena na mume wake.

Tufikiri ile hesabu. Mutu aliingia gerezani akiwa na miaka 34. Inje ya kuta, shimo zilifunguliwa, Kolwezi yenyewe ikazaliwa. Tarehe 9 mwezi wa 12 mwaka 1941, wafanyakazi wa Union Minière wenye kugoma kwa ajili ya mushahara walipigwa risasi na askari katika kiwanja cha mupira cha Élisabethville, na Léonard Mpoyi aliyesema kwa niaba yao akauawa. Ile siku Kimbangu alikuwa katika muji huohuo, kisha miaka 20 ya kifungo. Mumoja alifungwa kwa ajili ya sala, wengine waliuawa kwa ajili ya mushahara, na Leta ilikuwa moja. Mutu mweusi mwenye kusimama mbele ya wenzake na kusikilizwa, hilo ndilo kosa ambalo haikusamehe.

Na hakufungwa peke yake. Tangu mwaka 1921 mpaka karibu na uhuru, maelfu ya waumini wake waliondolewa kwao pamoja na muke na watoto, wakatawanywa katika koloni yote. Hata hapa kwetu Lualaba: wale wenye kupanda treni ya Kolwezi kwenda Dilolo wanapita Kasaji. Kasaji ilikuwa na kambi ya kilimo ya watu ambao Leta iliwaita wa hatari. Waliletwa pale watu wa dini zilizokatazwa, pamoja na wale wa Kitawala, ambayo ilikatazwa Katanga tangu mwaka 1937. Walilima chini ya ulinzi, mbali na makaburi ya babu zao. Lakini pale ambapo Leta iliwatupa, ndipo walifundisha wengine. Dini ambayo ingeweza kubaki ya Wakongo tu ikafika mpaka Kisangani na Katanga kwa gharama ya Leta yenyewe.

Simon Kimbangu alikufa tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka 1951, kifungoni, baada ya miaka 30. Alikuwa na miaka 64. Hakuona tena Nkamba.

Mulango unafunguka

Mutoto wake wa mwisho, Joseph Diangienda, alikuwa karani wa Serikali. Yeye na wenzake ndio walitoa kanisa gizani. Katika mwaka 1957 mamia ya waumini walitia sahihi barua kwa gavana mukubwa Pétillon, wakimwambia kwamba wamechoka kufukuzwa: awaache waombe, ao awakamate wote pamoja. Leta ililegeza kamba. Tarehe 24 mwezi wa 12 mwaka 1959 kanisa lao likatambuliwa. Marie Mwilu hakuiona ile Noeli, alikufa miezi minane mbele. Mwaka 1960, inchi ikikaribia uhuru, mwili wa Kimbangu ulitolewa Katanga, ukazikwa Nkamba. Mwaka 1969 kanisa lake lilipokelewa katika Baraza la Makanisa la dunia. Na mwaka 2011, Haute Cour Militaire ya Kinshasa ilifuta ile hukumu ya Thysville, miaka 90 kisha kutolewa. Haki ilifika, lakini ilikuta wote wamekwisha kuzikwa.

Wengine wangesimamisha hadisi hapa na kupiga makofi. Lakini kuna ukurasa mwingine ambao hatuna ruhusa ya kuuruka. Tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 1971, Zaire ya Mobutu ilitoa sheria ya dini. Ilitambua makanisa matatu: la Kikatoliki, la Waprotestanti walioungana, na la Kimbangu. Wengine, kama Waislamu, waliongezwa kisha. Vikundi vidogo vingi vilivyokosa ile karatasi vilifungiwa mulango. Hivi ndivyo kanisa lililofukuzwa miaka 38 likawa upande wa ndani, na wadogo wengine wakabaki inje kwenye mvua. Simusingizie nabii, yeye alikuwa amekwisha kufa. Nasema tu kwamba uhuru wenye kutolewa kwa orodha ya majina ni uhuru wa wale walio kwenye orodha.

Na mutu asifikiri kwamba hii ilikuwa mambo ya wakoloni na ya Mobutu tu. Waislamu wa Ahmadiya, dini iliyoanza India mwaka 1889, wako hata Kongo, na ndio walitoa Kurani nzima kwa Kiswahili kule Nairobi mwaka 1953. Inchi ya Pakistan, kwa sheria ya mwaka 1974, ilitangaza kwamba wao si Waislamu. Tangu mwaka 1984, Muahmadiya mwenye kujiita Muislamu kule anaweza kufungwa miaka mitatu. Abdus Salam, mwanasayansi wao aliyepata zawadi ya Nobel mwaka 1979, hata kaburi lake halikuachwa: walifuta neno Muislamu juu ya jiwe. Hakuna muzungu katika hiyo kesi. Ni wengi wenye kuhukumu wachache wa nyumba yao. Baraza la vita la Thysville linaweza kukaa popote, hata katikati ya ndugu.

Neno kwa watu wa mugodi

Sisi watu wa sendika tunaona hii mambo kwa kipimo kidogo. Mutu ananyimwa kazi juu chef ni wa kanisa lingine. Mufanyakazi wa Kitawala anaitwa muchawi katika refektware. Muislamu anaomba dakika chache za sala ya Ijumaa, Muadventisti anaomba kubadilishana zamu ya Siku ya Posho, na jibu ni kicheko. Mukimbangu asiyekunywa pombe anaitwa mwenye kiburi siku ya sikukuu ya ekipe. Hakuna fimbo 120 hapo. Lakini ndiyo mbegu ileile: huyu si wetu, kwa hiyo haki yake inaweza kungoja.

Sheria ya leo inasema kinyume. Katiba ya mwaka 2006, katika artikle 22, inampa kila mutu uhuru wa mawazo, wa zamiri na wa dini, peke yake ao pamoja na wengine, mbele ya watu ao nyumbani, bila kuvunja amani wala haki za wengine. Code du travail ya mwaka 2002, artikle 62, inasema wazi kwamba dini si sababu halali ya kuachisha mutu kazi. Ile artikle inamulinda mwenye kanisa kubwa la matofari, na inamulinda vilevile mwenye kuomba chini ya muti pamoja na watu kumi. Mwenye kuachishwa kwa sababu kama hiyo achukue barua yake na majina ya walioshuhudia, aende kwa delege wake bila kukawia, na pamoja naye wafike kwa Inspection du travail. Asingoje miaka 90.

Na delege asiulize kwanza mutu anaomba wapi. Kesi ya Kimbangu ilikosa kitu kimoja kidogo tu: mutu mumoja wa kusimama kando yake na kumutetea, hata bila kuamini anachoamini. Siku mukristo atasimama kwa ajili ya Muahmadiya, Mukimbangu kwa ajili ya Kitawala, na Mukatoliki kwa ajili ya wote, hapo sendika itakuwa sendika kweli. Tarehe 6 mwezi wa 4 ikifika, tupumzike, ni haki yetu. Lakini tukumbuke kwamba ile siku ya kupumzika ililipiwa kwa miaka 30 ya mutu mumoja ndani ya gereza la hapa Katanga.